Kompyuta Kuukuu Imegoma? Anza na Tiba za Bure

Upareni kompyuta haistaafu, inazikwa. Windows XP iliachwa na Microsoft Aprili 2014, lakini ukitafuta steshenari za Same hutakosa inayochapa barua za posa hadi leo. Siku ikigoma kuwaka, watani zetu Wachaga watakwambia upande basi la Moshi ukanunue nyingine. Sisi tunaanza na tiba isiyo na nauli. Tuhesabu kushuka, toka ya bure mpaka inayouma.

6. Chomoa flashi. Mashine ikilalamika kwamba haioni diski ya mfumo, mara nyingi imeenda kuitafuta Windows kwenye flashi uliyoisahau, ikakuta nyimbo za kwaya. Kwaya haiwashi kompyuta, hata ikiimba sauti nne.

5. Itazame saa. Ikionyesha 2002, mashine yako inaamini rais bado ni Mkapa. Betri ya CR2032 imekufa, na BIOS imesahau tarehe pamoja na mipangilio ya diski. Weka mpya, washa huku ukibonyeza Delete au F2, kisha hakikisha jina la diski linaonekana. Angalia pia kama SATA imewekwa IDE au AHCI: Windows iliyozoea moja, ukiipa nyingine, hukujibu kwa skrini ya bluu.

4. Waya. Vumbi la Same halihitaji mwaliko. Zima, chomoa umeme, futa, chomeka upya. Kwa diski za zamani zenye ule waya mpana, kagua na jampa: mbili zikiwa "master" kwenye waya mmoja, hakuna anayetii.

3. Umeme. Weka sikio. Diski isiyozunguka kabisa huenda haipati umeme. Jaribu plagi nyingine ya pawasapulai kabla hujaanza matanga.

2. Fundi wa "tupige Windows mpya." Huyu ameua mafaili mengi kuliko virusi. Ukiona "NTLDR is missing", diski huenda ni nzima; kilichopotea ni faili moja dogo. Washa kwa CD ya XP, bonyeza R, kisha nakili NTLDR na NTDETECT.COM kutoka folda ya i386. Amri ya fixboot nayo ipo. Fundi akishaumbiza diski (format), hesabu za VICOBA na orodha ya wakulima wa tangawizi wa Miamba zimekwenda.

1. Diski inagonga: ta, ta, ta. Zima sasa hivi! Usiiwashe "mara moja tu", usiipe chkdsk, wala usiiweke kwenye friza. Kila mzunguko unaweza kukwangua kilichobaki. Hapa hata Mpare aliyeuza ng'ombe kugharamia kesi ya kuku akubali yaishe. Kama ina mafaili yasiyo na nakala, usijaribu kuyatoa mwenyewe. Kuna wataalamu wa kuokoa data, na bei yao itakutoa machozi.

Kama yako imewaka leo, nunua flashi ya GB 32 unakili kila kitu kabla TANESCO hawajakata.