Kodi ya Miezi Sita

Mwaka 2017 katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam yalizinduliwa mabweni mapya ya kulaza wanafunzi 3,840. Waliobaki nje wakakabidhiwa kwa dalali. Huyu hana ubaguzi: mwanafunzi awe wa sheria au uhandisi, atamdai kodi ya mwezi mzima kwa kazi nzito ya kunyoosha kidole kuonyesha mlango. Mwenye nyumba naye anataka miezi sita mkononi, wakati boom, pesa ya mkopo ya kujikimu, haijaingia. Chumba Sinza? Thubutu! Ni Kimara ya bondeni, choo cha kuchangia, luku ya kugombea. Wa DUCE, chuo kishiriki cha elimu kilichopo Chang'ombe, naye aulizie Mbagala. Mwenye bahati anabebwa bwenini, wawili kitanda kimoja, mzungu wa nne. Mkaguzi akipita, anahesabu vitanda, hahesabu miguu.