Kutu Apiga Hodi kwa Robin

Katika kituo cha utafiti cha Njoro, Kaunti ya Nakuru, ngano hupandwa ili iugue. Mbegu huletwa kutoka nchi nyingi, zikazungushiwa mistari ya ngano dhaifu iliyodungwa sindano za kuvu wa kutu ya shina, kisha upepo ukaachiwa kazi iliyobaki. Asubuhi moja yenye umande, chembe ya kutu yenye rangi ya tofali ilitua kwenye shina la Robin, ngano iliyowahi kupendwa sana na wakulima wa Kenya.

"Hodi!"

"Hapa hupiti," alisema Robin. "Nina mlinzi, jeni SrTmp."

"Namfahamu," Kutu alijibu, huku akitafuta kitundu cha kujipenyeza. "Anatambua sura moja tu ya ukoo wetu. Akiiona, anateketeza chumba na mgeni akiwa ndani. Na sisi hatuli maiti, kwa hiyo tunakufa njaa. Mpango mzuri sana, dada. Ila sura hiyo tuliivua mwaka 2014."

Robin alinyamaza. Vidonda vyekundu vilikuwa vimeanza kumtoka.

Kutu hajui kuacha akishaanza kujisifu. "Kamuulize Sr31, yule aliyetolewa kwenye nafaka ya rai akapachikwa kwenye ngano. Miaka mingi alitamba mashambani, kila mtu akimtaka. Mwaka 1998, kule Uganda, ndugu yetu akampita bila kuulizwa kitambulisho. Wanadamu wakamwita Ug99, jina la heshima kabisa. Wakakimbilia mlinzi mwingine, Sr24. Naye tukampita 2006, hapa hapa Kenya, na mwaka huohuo tukaonekana Yemen. Nauli yetu ni upepo."

"Mna akili za kishetani!"

"Akili tutoe wapi? Tuko mabilioni. Mmoja huzaliwa na kasoro, kasoro ikamfichia sura, na wenzako wamewekewa mlinzi yuleyule kila ekari. Hapo hata mjinga anapita."

Katika hili Kutu hakutia chumvi. Miaka ya 1940, Harold Flor wa North Dakota, Marekani, aliyechunguza kitani na kutu yake, alionyesha kwamba jeni ya ukinzani kwenye mmea ina mwenzake kwenye kimelea. Huyo mwenzake akiharibika, mlinzi hana wa kumtambua.

Mstari wa pili alisimama ngano mkongwe mwenye mabaka meusi kwenye makapi, kama aliyepakwa masizi. Kutu alipomfikia, majivuno yalimwisha.

"Shosho, hujambo?"

"Sijambo, mjukuu wangu. Ingia tu, ila chakula ni kidogo."

Huyo alibeba Sr2, jeni ambayo Edgar McFadden aliitoa kwenye ngano ya kale ya emeri na kuiingiza katika aina ya Hope, kule South Dakota, karne moja hivi iliyopita. Sr2 haifungi mlango. Inamchelewesha mgeni tu, na hilo ni mmea ukishakomaa. Mabaka meusi huandamana nayo. Ikipangwa pamoja na jeni nyingine nne au tano zenye nguvu ndogo, ngano hukaribia kutougua kabisa, na kutu hulazimika kuzishinda zote pamoja.

"Huyu bibi ananichosha," Kutu alinong'ona. "Vidonda vyangu kwake ni vichache, tena vidogo. Nibadili sura nisibadili, hajali, maana hatazami sura!"

Mtafiti akapita na daftari, akaandika asilimia. Nyuma yake alikuwa mkulima aliyekuja kujionea mwenyewe. Alimtazama Robin, akasikitika. Alimtazama Shosho, akaguna: "Hii imeungua au?" Mtafiti akaanza kueleza habari za jeni ndogondogo, lakini mkulima alikuwa ameshafika mstari wa tatu, penye ngano changa isiyo na doa hata moja.

"Hii ina nini?"

"Jeni moja mpya, kali sana. Lakini peke yake—"

"Nipe hii. Na majirani zangu wote wataitaka."

Kutu akanyoosha shingo. "Samahani, mzee, ulisema majirani wangapi?"