Sifa za Vibrio, Mtumishi Asiyedai Posho

Bakteria wana maumbo yao. Wa usaha wengi ni duara, wa homa ya matumbo ni ufito, wa kaswende amejisokota. Wa kipindupindu, Vibrio cholerae, kachagua kupinda kama alama ya mkato. Hana kiini cha seli wala haja ya mchumba: hujigawa kuwa wawili, kazi ikaendelea. Kwa nasaba pia hana deni. Filippo Pacini alimwona kwa hadubini huko Florence mwaka 1854, na mwaka 1884 Robert Koch akamtangazia dunia kutoka Calcutta.

Lakini sifa yake kuu ni uchapakazi. Ana mkia mmoja tu, na huo ndio usafiri wake wa kikazi. Hasubiri mafuta, haandiki barua ya kuomba dereva, wala hajawahi kukwama eti gari liko gereji. Usiku yupo, Jumapili yupo, Idi yupo. Akifika kwenye utumbo mdogo hapotezi muda kutambulisha meza kuu: anamwaga sumu yake, na utumbo unaanza kutoa maji na chumvi, hadi aliyezidiwa apoteze hata lita moja kwa saa. Kisha anatoka na maji hayohayo, sasa wakiwa mamilioni, kukagua mtaa wa pili. Ripoti yake huwa tayari ndani ya siku chache, tena haina siasa: inaonyesha nani kanywa kinyesi cha nani. Mwaka 1854 John Snow aliisoma ripoti hiyo London, na mpini wa pampu ya Broad Street ukang'olewa.

Maji ya chumvi hayamsumbui, ndiyo maana pwani si mgeni. Daktari James Christie, aliyefanya kazi Zanzibar, alimwandikia kitabu kizima mwaka 1876. Na hana kinyongo. Ukichemsha maji, anakufa bila kukata rufaa.

Sasa atazamwe mwenzake wa ofisini, mwenye dhamana ya maji ya mtaa. Bomba la plastiki linapita ndani ya mtaro, kiungo chake kimefungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Maji ya mgawo yakikatika, bomba linabaki tupu na kuvuta uchafu wa mtaro. Yakirudi, dumu la kwanza linaingia nao ndani ya nyumba. Mvua ikinyesha, kuna wanaotapisha vyoo. Mtaa mzima unajua, na barua zilishapelekwa ofisini!

Watu wakianza kuhara, ndipo ofisi inaamka. Mama lishe anamwagiwa wali, muuza juisi ya miwa anafungiwa mashine, gari la matangazo linapita likihimiza kunawa mikono. Kwa maji yapi? Yaleyale?

Kisha huundwa kamati ya dharura. Wajumbe wanakaa siku nzima, maji ya chupa mezani, wanasaini, wanaondoka. Kiungo kipya cha bomba, ambacho bei yake haifikii posho ya mjumbe mmoja, kinasubiri bajeti ya mwaka ujao.