Nani Kamtisha Nani

Kuogopa na kutisha, kwa Kiingereza, ni "fear" na "frighten", maneno mawili yasiyo na udugu wowote. Kiswahili hulizalisha moja kutoka kwa jingine: ogopa, ogopesha. Kihaya nacho kina okutina na okutinisa. Mwanafunzi wa Muleba, mwenye lugha hizo mbili, akiingia kidato cha kwanza hukuta udugu huo haupo kwenye Kiingereza, na kuanzia hapo haijulikani tena nani kamtisha nani.

Anayeogopa nyoka huandika "I frighten snakes", yaani nyoka wakimwona tu, mbio. Mwenzake wa dawati la nyuma, anayetishwa na giza, huandika "I am scary at night", na kwa sentensi hiyo fupi amejiunga na wachawi. Mwalimu huweka kosa kwa kalamu nyekundu. Kwa haki, sarufi ya sentensi zote mbili haina dosari. Kilichopinda ni ukweli tu.

Vitenzi vya Kiingereza vya kutisha hupishana pia kwa uzito. "Startle" ni kushtua: radi inapasuka Bukoba, mji unaopata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, kahawa inamwagika, watu wanacheka. "Scare" ni kutisha kwa kawaida, na "terrify" ni kutisha mpaka miguu igome. "Intimidate" ina nia ndani yake, kumtia mtu woga ili afanye utakalo. Mtaani huitwa kuchimba mkwara. Konda wa haisi anayeapa kumshusha abiria Kemondo kwa sababu ya shilingi 200 anachimba mkwara. Abiria mzoefu humjibu, "Usinitishie nyau," kisha huendelea kusinzia hadi Muleba. Kiingereza, pamoja na utajiri wake wote, hakina paka huyo.

Kuna pia vitisho vilivyogeuka sifa. "Terrible" na "terrific" yana asili moja, kitenzi cha Kilatini terrere, kutisha. La kwanza likabaki na ubaya wake, la pili siku hizi ni pongezi. Vijana wa Kiswahili wamefika hapohapo kwa njia yao: "umetisha" ni sifa, na "umetisha kama njaa" ni sifa isiyo na kifani.

Habari hiyo haijafika kila jiko la Kamachumu. Mjukuu aliyetoka Dar es Salaam kwa likizo, akiwa ameshiba ndizi na maharage, alimwambia mpishi, "Bibi, leo umetisha!"

Bibi akauweka mwiko chini. "Nimemtisha nani, mjukuu wangu?"

Kijana akaona afafanue: ametisha kama njaa. Njaa! Tena kwa mtu ambaye kibanja chake hakijawahi kukosa mkungu.

Sahani ya pili haikuletwa.