Kinyozi, Muache Gyökeres Uninyoe Kwanza

Nani alisema ligi ikiisha watu hupumzika? Huyo hajawahi kupanga nyumba Githurai 45. Mpira ukichezwa sisi huku tuna nafuu: dakika tisini, refa anapuliza, mwenye kulia analia, mwenye kutambia jirani anatamba, asubuhi kila mtu anaamkia kazi yake. Balaa huanza mwisho wa Mei, viwanja vya Uingereza vikifungwa nyasi zipumue. Kuanzia hapo hadi katikati ya Agosti, kwetu huchezwa mpira usio na refa, usio na saa na usio na benchi, maana kila mtu ni kocha na kila mtu anaanza.

Kwa asiyetujua, sisi ni ile Githurai ya upande wa Kiambu, eneo bunge la Ruiru. Ng'ambo ya barabara kuu ya Thika wako wenzetu wa 44, hao ni watu wa Kaunti ya Nairobi. Namba zote mbili tulipewa na mabasi. Zilikuwa za njia kabla hazijawa za watu. Kwa hiyo mtaa mzima unatembea na namba mgongoni, na kwa bahati mbaya sisi tuliangukiwa na 45, jezi ile ile aliyovaa yule mtu wa vituko, Mario Balotelli, pale Manchester City. Ukishajua hilo, mengi unayoyaona hapa steji hayatakushangaza.

Mwaka 2025 ndio ulionimaliza. Timu kubwa zote zilishikwa na njaa ya namba tisa kwa wakati mmoja. Arsenal, waliokuwa wamemaliza wa pili mara tatu mfululizo, walimchukua Viktor Gyökeres kutoka Sporting ya Lisbon. Manchester United, waliomaliza nafasi ya 15 wakiwa na mabao 44 kwa mechi 38, walimwaga karibu pauni milioni 200 kwa Matheus Cunha, Bryan Mbeumo na Benjamin Šeško. Liverpool walikuwa na kombe mkononi na bado wakamtamani Alexander Isak wa Newcastle, naye Isak akagoma kucheza hadi auzwe. Pauni milioni 200! Na waliokuwa wakizipanga na kuzipangua hapa kwetu ni watu ambao kodi ya Julai waliilipa kwa awamu tatu, ya tatu ikiwa ni ahadi.

Wakati huo huo nilikuwa na safari ya ruracio, kupeleka mahari. Mpwa wangu alikuwa anaoa Gatundu, na mimi ndiye mzee niliyetegemewa kuketi mbele na kukohoa kwa heshima bei ikitajwa. Nikaenda kunyolewa. Kinyozi wangu ni mtu wa Arsenal. Alianza vizuri, upande wa kushoto. Alipofika juu ya sikio akaingia kijana wa mitumba, mtu wa United, akatamka maneno matatu tu: "Ligi ya Ureno."

Mashine ikazimwa.

"Mabao 39 ya ligi, buda! Msimu mmoja!" kinyozi akafoka. "Sporting amecheza mechi 102, amefunga 97. Wewe hata upewe goli lisilo na kipa, utafika 97?"

"Ureno," kijana akarudia, taratibu, akinyoosha shati analouza. "Brighton alikuwa, mbona hakuonekana? Mpaka akashuka Coventry."

"Coventry alifunga 21!"

"Daraja la pili."

"Na Højlund wenu je? Ligi nzima mabao manne! Manne! Hayo ni mabao ama ni watoto?"

Mimi niko pale na kitambaa shingoni, upande mmoja wa kichwa mzee wa ruracio, upande wa pili mtoro aliyetoka msituni. Nikasema, kinyozi, nina safari. "Sekunde moja tu, mzee wangu." Katika sekunde hiyo moja walipitia msuli wa Kai Havertz, goti la Gabriel Jesus, na ule mwezi wa Februari ambapo Arsenal walikosa straika kabisa hadi Mikel Merino, kiungo wa watu, akasukumwa mbele, akaenda kufunga mawili Leicester. Kisha wakarudi Ureno, kana kwamba kuna mtu alisahau mwavuli huko.

Hapo nikauliza swali ambalo hadi leo sijasamehewa: ni nani kati yenu amemwona huyu Gyökeres akicheza mechi nzima, mwanzo mpaka mwisho?

Kimya. Kumbe wote walimwona kwenye simu, dakika nane zenye muziki. Jamani, katika dakika nane zenye muziki kila straika ni Pelé. Hakuna anayeteleza, hakuna anayepiga juu ya mtambaa panya, hakuna anayeomba mpira akanyimwa. Hata mimi, mkinirekodi nikiruka mitaro ya hapa siku ya mvua, mkakata pale ninapoanguka na kuongeza muziki, kuna klabu Ubelgiji itapiga simu.

Mtu pekee aliyeniambia jambo la maana kuhusu usajili ni muuza matikiti wa karibu na reli. Alisema straika hununuliwa kama tikiti: mteja hulibeba, huligonga, hutega sikio, hutikisa kichwa kama aliyeambiwa siri, kisha hulipa. La ndani ni habari ya kisu, na kisu kiko nyumbani. Tulikuwa bado tunalicheka hilo treni ya Ruiru ilipopiga honi. Watu wakavuta nyanya, wakavuta viatu, wakavuta watoto, treni ikapita, wakarudisha nyanya na viatu, na mjadala ukaendelea pale pale ulipokatikia. Hata koma haikupotea.

Usidhani ukipanda matatu umeokoka. Asubuhi moja nilimpa kondakta noti ya mia, nauli ikiwa sabini. Thelathini yangu akaishika mkononi, lakini mkono huo huo ndio aliokuwa akiutumia kumweleza dereva jinsi Isak anavyokimbia katikati ya mabeki wawili. Kidole gumba kilikuwa Isak, sarafu zangu zilikuwa mabeki. Tulipofika Roysambu Isak alikuwa amekwisha funga, na mabeki wamezama mfukoni mwake. Muuza jezi wa pale chini ya barabara naye hakungoja mkataba. Alishatundika Isak wa Liverpool, jina na namba, wiki kadhaa kabla ya Newcastle kukubali kumwachia Septemba 1. Huyo ndiye mtu wa pekee mtaani aliyepata faida kutokana na hayo maneno yote.

Wanawake, walio na kazi za kufanya, hutupita tu. Ila jioni moja mama mboga ninayemnunulia sukuma wiki alichoka kusikiliza. Mbele ya kibanda chake walikuwa vijana saba, hakuna hata mmoja aliyenunua kitunguu. Akaweka kisu chini.

"Huyo mnayemsifu, kazi yake ni kukaa pale mbele kungoja mpira?"

"Ndiyo, mathe. Ni kumalizia tu."

"Na nani atampelekea?"

Nilitazama nyuso zile. Swali hilo lilikuwa halijaulizwa Githurai nzima tangu Mei. Mmoja akataja Ødegaard, mwingine akataja kifundo cha mguu cha Ødegaard, wa tatu akasema Saka atapiga krosi, wa nne akasema Saka huingia ndani, hapigi krosi. Mama akaendelea kukata sukuma. Nadhani Arsenal wangemwajiri yeye wangeokoa pesa, lakini sukuma yake tungeinunua wapi?

Sasa niseme la kwangu, kwa sababu kinyongo hiki si cha bure. Mimi ni mtu wa AFC Leopards. Mashabiki wa Arsenal waliponililia mwaka huo kwamba hawajachukua ligi tangu 2004, niliwapa pole kwa adabu, kwa sababu Ingwe, yaani Leopards, walikuwa hawajaichukua tangu 1998. Tulipata ngao mwaka 2017, tukaibusu, tukarudi kungoja. Kwa hiyo mambo ya ukame wa mabao nayajua hadi jina la baba yake. Lakini nikithubutu kuuliza, nyinyi wataalamu, Ingwe tumpange nani mbele msimu ujao, hunitazama kwa huruma ya mtu anayemtazama mzee aliyepoteza steji yake. "Ingwe bado iko?" kijana wa mitumba aliniuliza. Alikuwa hatanii. Alitaka kujua.

Nikawaambia basi nipeni mastraika wa Kenya, timu yoyote. Msimu wa 2022/23 hapa hapa nchini kulikuwa na kivumbi ambacho hao wazungu wa simu hawajawahi kukileta: Elvis Rupia wa Kenya Police akifukuzana na Benson Omala wa Gor Mahia hadi mwisho. Omala akafikisha 26, sawa na rekodi ya Maurice Ochieng Sonyi ya mwaka 1976. Rupia akafikisha 27. Rekodi ya miaka 47 ikavunjwa kwa bao moja! Unajua kinyozi alisemaje? "Lakini hiyo ni ligi ya Kenya." Ureno haitoshi, Kenya haitoshi, nashangaa kwa nini kichwa changu chenye nusu ya nywele kilimtosha.

Mwezi Agosti ukaleta CHAN, kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za nyumbani, na aibu ikapanda matatu ikaja Kasarani, hapo tu chini barabarani. Kocha wa timu ya taifa, Harambee Stars, alikuwa Benni McCarthy, yule yule aliyekuwa Manchester United kati ya 2022 na 2024 akiwafundisha washambuliaji. Maana yake, mtu aliyelipwa kumwonyesha Højlund goli liko upande gani alikuwa ameletwa kwetu. Kinyozi alisema tumekwisha. Kijana wa mitumba alisema tatizo halikuwa mwalimu, ni wanafunzi. Mjadala huo ulichukua jioni nzima na upande wa kulia wa kichwa cha mzee mwingine maskini.

Basi Stars wakawafunga Kongo, wakatoka sare na Angola, na Agosti 10 wakawafunga Morocco moja bila, kipindi chote cha pili wakiwa kumi uwanjani. Mfungaji: Ryan Ogam, kijana wa Tusker. Rais alikuwa ameahidi kila mchezaji milioni moja kwa kila ushindi, na ghafla kila mzazi wa hapa akakumbuka kwamba mtoto wake anapiga teke vizuri. Wale wale waliomjua Gyökeres mpaka rangi ya soksi wakaanza kuulizana huyu Ogam ametokea wapi. Ametokea kwenye ligi mnayoidharau! Nilisema kwa sauti, na hakuna aliyesikia, kwa sababu walikuwa wameinamia simu wakitafuta video yake yenye muziki.

Ikafika Jumapili, Agosti 17. Mungu naye ana vituko: saa tisa Stars na Zambia pale Kasarani, saa kumi na mbili na nusu United na Arsenal kule Old Trafford. Kwenda uwanjani hakukuwezekana kwa wengi wetu. Baada ya vurugu za mechi ya Morocco, CAF iliagiza waingie watu 27,000 pekee, tena kwa tiketi za kielektroniki. Tukajazana mbele ya runinga ya kinyozi, watu wa kukaa kwenye viti vitatu, wengine tukining'inia mlangoni. Kipindi cha pili Ogam akafunga. Moja bila. Nilikumbatiwa na mtu wa Gor, watani wa Ingwe. Tukio hilo halipaswi kujulikana nyumbani.

Kisha viti vikapanguliwa, kundi likagawanyika, nyekundu huku na nyekundu kule, na ile mechi iliyojadiliwa tangu Mei ikaanza. Gyökeres huyu hapa, jezi namba 14, ya Thierry Henry. Cunha na Mbeumo hawa hapa. Šeško yuko benchi anapasha misuli. Dakika ya 13, Declan Rice akapiga kona. Kipa wa United, Altay Bayındır, akanyoosha mikono kuudaka mpira akakutana na hewa, na Riccardo Calafiori akamalizia kwa kichwa.

Calafiori ni beki.

Beki wa kushoto! Miezi miwili na nusu ya mastraika, na hakuna hata mtu mmoja, si kinyozi, si wa mitumba, si dereva, aliyewahi kulitaja jina lake. Bao likabaki hilo hilo hadi mwisho. Gyökeres alitolewa baada ya saa moja bila kupiga shuti golini, Šeško akaingia akatokwa jasho, na watu wa United wakatoka mlangoni wakidai walicheza vizuri zaidi, jambo ambalo, inaniuma kusema, lilikuwa kweli. Nikajiambia basi, yamekwisha, mdomo wa Githurai umefungwa, Jumatatu watu watauza mitumba na kunyoa nywele.

Jumatatu nikapanda matatu, nikakaa nyuma kabisa. Dirisha la usajili lilikuwa bado wazi wiki mbili, na United, kama kila mtu alivyogundua usiku ule, walihitaji kipa. Kondakta, yule yule, akanijia akiwa ameshika noti katikati ya vidole.

"Mzee, wewe ni mtu mzima, tuambie ukweli. Donnarumma ama Martínez?"

Nikamwambia thelathini yangu kwanza.