Karanga za Bwana Msa

Katikati ya Dar es Salaam kuna kichochoro nisichokitaja kwa sababu za aibu, chenye fundi saa, mchonga mihuri na duka la vitabu vilivyotumika. Duka halina kibao. Ukisikia harufu ya karatasi iliyowahi kunyeshewa ikichanganyika na dawa ya mende, umefika. Wakiingia watu wawili, wa tatu husubiri nje.

Mwenye duka ni mwalimu mstaafu, na sote tunamwita Mwalimu. Vitabu amevipanga kwa urefu, kama wanafunzi mstarini: Fizikia ya Kidato cha Nne imebanana na Injili, na Injili imebanana na mwongozo wa kufuga kuku wa mayai. Ukimwuliza kwa nini hapangi kwa majina ya waandishi, atakwambia majalada mengi yameshang'oka na majina yake, lakini kimo bado kinaonekana. Ukimwuliza vitabu adimu viko wapi, atakuonyesha duka zima kwa mkono. "Kila kitabu hapa kipo kimoja tu. Uadimu gani mwingine unaoutaka?"

Mimi huvutwa zaidi na mambo ambayo mwandishi hakuyaandika. Mhuri wa maktaba ya shule: HAIRUHUSIWI KUTOLEWA. Tiketi ya basi la Moshi. Kwenye kitabu kimoja cha mapishi, kwa wino wa buluu: "Kwa mpenzi, usinisahau, 1978", na chini yake, kwa penseli ya Mwalimu: 1,500. Ipo pia Kamusi ya Kiswahili Sanifu, ile ya 1981, ambayo mchwa waliingia katikati wakala kuanzia mbuyu hadi mkate. Neno mchwa lenyewe limekwenda humo humo.

Basi Jumamosi moja nikaona, chini kabisa ya rafu ya nyuma, mgongo wa kamusi nene: Kiswahili kwa Kiingereza, ya Frederick Johnson, ya mwaka 1939. Moyo ukanienda mbio. Nikachuchumaa, nikaishika kwa mikono miwili, nikaivuta. Sikujua kwamba ile haikuwa bidhaa. Ilikuwa mguu. Rafu ilikuwa na miguu mitatu ya mbao, na wa nne ulikuwa Johnson.

Rafu iliinama taratibu, kama mzee anayeitika shikamoo, kisha ikanimwagia elimu yote kwa mkupuo mmoja. Nilizikwa. Nikiwa chini huko nilimsikia Mwalimu akija mbio, akauliza kwa uchungu wa kweli: "Kimechanika kipi?"

Waliponifukua, kitabu kilichobaki kifuani pangu kilikuwa Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla. Ndicho kilichoshinda shindano la hadithi la East African Literature Bureau la 1957–58, kikachapishwa 1960, na kikatuletea Bwana Msa, yule mpelelezi wa Unguja asiyeachana na kiko chake. "Toleo la kwanza hilo," Mwalimu akasema, akinipangusa vumbi. Ukurasa wenye mwaka ulikuwa umeng'oka, kwa hiyo hapakuwa na wa kumpinga.

Siku nyingine ningekagua kurasa zote na kupunguziwa bei. Lakini mtu aliyetoka kuangusha duka la watu hana mdomo wa kuomba punguzo. Nikalipa shilingi 20,000, na kwa saa mbili nikapanga vitabu upya, kwa urefu.

Nilisoma usiku kucha. Kulipokaribia kupambazuka, Bwana Msa naye akikaribia kuufumbua mkasa, kitabu kikaisha. Si hadithi iliyoisha, ni karatasi.

Jumatatu nilikuwa mlangoni kabla Mwalimu hajafungua.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Leo umekuja kuangusha nini?"

Nikamwonyesha palipokatika. Hakushtuka. Kurasa zinazong'oka, alinieleza, humpa kijana wa karanga pale nje, naye humpa karanga za chai. Kisha akashusha sauti: "Lakini mimi hicho nimekisoma mara nne. Lete elfu mbili nikutajie muuaji."

Nilikataa. Nina msimamo wangu: hadithi husomwa, hainunuliwi mdomoni. Nikatoka nje, kwa kijana wa karanga.

Karatasi ya karanga za mia tano ya kwanza ilikuwa mtihani wa Hisabati wa mtoto aliyepata 31. Ya pili, kadi ya mchango wa harusi. Ya tatu ilikuwa ukurasa wa Rosa Mistika cha Kezilahabi, cha 1971, ambacho kiliwahi kupigwa marufuku mashuleni. Kitabu kilichofungiwa, leo kinafungia karanga. Kufikia ya tano taya zilikuwa zimechoka, nikamwomba kijana aniuzie karatasi bila karanga.

"Karatasi tupu siuzi, mzee," akasema. "Mimi siyo duka la vitabu."

Ya nane nilipoikunjua, jina la Bwana Msa likanirukia machoni. Nusura nimkumbatie kijana wa watu. Nikasoma juu ya ukurasa: Kisima cha Giningi. Ni yeye kweli, na kiko chake, lakini kwenye kesi nyingine.

Nilirudi nyumbani nimeshika tumbo, nimetumia shilingi 4,000, mara mbili ya bei ya Mwalimu. Mke wangu alinisikiliza nikimweleza yote, tangu mguu wa rafu hadi karanga za nane, huku akichambua mchele bila kuinua uso.

"Mzimu wa Watu wa Kale?" akauliza. "Hicho si tulikisoma Kidato cha Pili? Bweni zima tulikigombania."

"Muda wote huu unamjua muuaji?"

"Umeniuliza?"

"Haya, nakuuliza. Ni nani?"

Akasogeza ungo pembeni, akapangusa mkono kwenye kanga, akaunyoosha mbele yangu, kiganja juu.

"Elfu tatu."