Printa ya Wifi Isiguswe

Kompyuta ya sebuleni kwetu inatumia Ubuntu, maana Baba Salma hataki kusikia habari ya kulipia Windows, na kila mtu ana akaunti yake. Printa ziko mbili: ya leza, nyeusi na kuukuu, inayonguruma kwanza ndipo itoe karatasi, na ya rangi, mali ya wifi, aliyoinunua kwa ajili ya kadi za harusi yake. Hiyo ya pili haiguswi.

Bi Mkubwa, mama yake Baba Salma, ndiye mweka hazina wa kamati ya harusi. Jumamosi moja akachapa orodha ya michango, ikatoka kwa wifi, kwenye karatasi za picha zinazong'aa: waliolipa kwa kijani, wadaiwa kwa wekundu uliokolea. Ilipendeza kweli. Wifi alilia.

Baba Salma akafungua terminali, akaandika sudo lpadmin -d Leza. "Basi. Nyumba nzima sasa inachapa kwenye leza." Jioni Bi Mkubwa akachapa tena. Leza haikushtuka, ya rangi ndiyo iliyoamka.

Hapo shemeji, anayesoma kompyuta chuoni, akapata mimbari. Akaanza mbali, na CUPS, mfumo wa kuchapa alioutengeneza Michael Sweet na kuutoa mwaka 1999, kisha Apple wakaununua 2007. Tulipoanza kupiga miayo ndipo akafika nyumbani.

"Kaka, wewe umetoa amri ya nyumba. Mama ana ya kwake."

Kumbe amri ya lpadmin ni ya yule asiye na chaguo lake. Mtumiaji akishachagua printa yake, chaguo linakaa kwenye faili liitwalo lpoptions, ndani ya folda ya siri ya .cups, na hilo ndilo linalosikilizwa. Baba atangaze kwamba usiku ni ugali, lakini mama yake ana sufuria lake la wali chumbani; nani atamfuata huko? Na juu ya faili hilo kuna kigezo cha PRINTER, na juu yake tena LPDEST. Ukiviweka, vyenyewe vinatangulia.

Faili la Bi Mkubwa lilikuwa na mstari mmoja: Default Rangi. Baba Salma akalifuta, leza ikanguruma, wifi akarudi kwenye kadi zake.

Wiki ya ripoti za chuo, Bi Mkubwa akabonyeza kuchapa, kimya. Akabonyeza tena. Kompyuta inasema kazi imekamilika, karatasi hakuna. Akaita kila aliyekuwemo ndani.

Shemeji akaapa hahusiki. Akaandika lpstat -d kwenye terminali yake, jibu likaja: Leza. Baba Salma, ambaye sasa alikuwa amejifunza kutoamini akaunti ya mtu mwingine, akaingia kwenye ya mama yake, akaandika amri ileile. Jibu: PDF.

Ikabidi shemeji aseme. Wino wa leza ulikuwa unaelekea kwisha na ripoti yake haijachapwa. Kwa hiyo aliipangia nyumba printa isiyo na mwili, cups-pdf, ambayo badala ya kutoa karatasi huhifadhi faili. Yeye huchapa kwa amri ya lp, na kwenye .bashrc yake alishaandika export PRINTER=Leza, kwa hiyo zuio halikumgusa.

"Shemeji," nikamwambia, "wewe utafika mbali."

"Sasa orodha zangu ziko wapi?" Bi Mkubwa akauliza.

Zilikuwa kwenye folda ya PDF, zote, moja kwa kila alipobonyeza. Baba Salma akafungua ya juu ili tuhakikishe. Nikasogea na miwani yangu. Majina, ahadi, zilizolipwa. Mstari wa saba ulikuwa wa Baba Salma mwenyewe, ahadi 500,000. Chumbani kwetu tulikubaliana laki mbili.

"Baba Salma."

"Hili faili nadhani limeharibika," akasema, akitafuta pa kulifungia.

"Halijaharibika, mwanangu," akasema Bi Mkubwa. "Na hujalipa hata senti."